Kilemba Kilegevu cha Mzee Mbaruku

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Pakawa ya leo ina aibu ndani yake. Sogeeni karibu, nisije nikaisema kwa sauti kubwa.

Hapo zamani za kale, katika kijiji kimoja, palikuwa na askari wa jumbe akiitwa Mbaruku. Nyinyi mnamjua kama Mzee Mbaruku, yule mwenye hekima ambaye babu zenu wakigombana walimwendea. Lakini hekima haikumkuta mtoto. Ilimkuta mtu mzima, tena hadharani.

Kazi yake ilikuwa kukamata wezi. Kitu kikipotea, alipuliza baragumu. Puuu! Kaa chini! Vua viatu! Mikono kichwani! Sokoni kote, mwizi na asiye mwizi, wote waliketi juani mpaka yeye aridhike.

Siku moja mbuzi wa jumbe akapotea. Puuu! Watu wakaketi. Miongoni mwao alikuwemo Bi Tumu, mfinyanzi, aliyekuja kuchukua dawa ya mjukuu wake mwenye homa. Akaomba, "Baba, niache nisimame niende. Mtoto ana hali mbaya."

"Kaa chini," akasema Mbaruku.

Basi akakaa. Jua likapanda, jua likashuka. Mbuzi akaonekana nyuma ya ghala la jumbe mwenyewe, amelala, anacheua. Bi Tumu akakimbia na dawa yake, mbio, mbio, akamkuta mtoto ameshafunikwa shuka.

Mbaruku alisikia. Msibani hakwenda. Aliona haya, na haya yake akaifunika kwa ukali.

Wizi ukapungua, sifa zikazidi. Akawa mkuu wa askari, akahamia mbali. Mtawala wa nchi alipokufa, wazee wa vijiji saba wakamchagua yeye. Na desturi ya nchi ile, mtawala mpya hufungwa kilemba kijijini kwao, na anayemfunga ni mkongwe kuliko wote. Watu humpokea wamesimama, wakiimba.

Akaja Mbaruku, kanzu nyeupe, kifua mbele. Baragumu likapulizwa kumtangaza. Puuu!

Kijiji kizima kikaketi. Viatu vikavuliwa. Mikono kichwani. Hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kuhama waliketi, maana mama zao waliwafundisha. Wimbo hakuna. Nzi tu, vuu, vuu.

Mwanzoni alidhani ni heshima, akatabasamu. Kisha akamwona Bi Tumu, sasa ndiye mkongwe wa kijiji, kilemba kimekunjwa mapajani, mikono kichwani.

"Simama, mama, unifunge," akamwambia taratibu.

"Siku ile niliomba kusimama," Bi Tumu akajibu. "Leo sijaomba."

Aibu, jamani! Ilimshika miguuni ikapanda mpaka masikioni. Akavua viatu. Akaketi mavumbini na kanzu yake nyeupe, akaweka mikono kichwani. Akasema watu wote wasikie, "Mjukuu wako alikufa kwa kiburi changu, na msibani sikuja."

Wazee wakataka kumwinua, akakataa. Jua likapanda, jua likashuka. Watu wakaondoka mmoja mmoja. Bi Tumu hakuondoka. Magharibi ilipoingia akainuka, magoti yakilia ko, ko, akamfunga kilemba. Lakini alikifunga kilegevu.

"Mama, kitaanguka."

"Kishike," akasema, akaenda zake.

Toka hapo akatawala mpaka uzeeni, mkono mmoja kichwani. Watu wake walitaka kukikaza, akakataa katakata. Mshitakiwa alipoletwa, Mzee Mbaruku ndiye aliyeketi chini, na mshitakiwa akasimama akasema shida yake mpaka mwisho. Watu wakamsifu kwa hekima. Kila aliposifiwa aliinamisha uso, kilemba kikateleza, akakishika.

Wanangu, ukipewa nguvu juu ya mtu, msikilize kabla hujamkalisha. Majuto ni mjukuu, huja baadaye. Ya Mbaruku yalikuja. Mjukuu wa Bi Tumu hakurudi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Haya, inukeni, hakuna aliyewakalisha.