Kiazi Chenye Pembe

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja mkulima wa viazi, huku huku kwetu mlimani. Mtu wa kazi, mtu wa sala, na mwenye shingo ngumu kama baadhi yetu tulioketi hapa. Mnacheka? Subirini.

Asubuhi moja alikuwa amekaa shambani akichambua viazi, vya mviringo huku, vyenye pembe na nundu kule. Binti yake, mwalimu wa sayansi, akaja na habari. "Mama, kesho mama mdogo anapelekwa hospitali kupasuliwa. Madaktari wenyewe wana wasiwasi. Twende ukamwone."

Yule mama hakuinua hata uso. Miaka mitatu hawakuwa wamesemeshana na mdogo wake, tangu walipogombania mpaka wa shamba. Nanyi mnajua desturi yetu: anayeomba msamaha huleta jani la isale, na ukiletewa isale huna ruhusa ya kukataa. "Aliyenitukana ni yeye," akasema. "Alete isale. Mlango wangu uko wazi."

Binti alitoa simu akamwonyesha picha.

"Kiazi gani hiki kibaya hivi?" mama akauliza.

"Si kiazi, mama. Ni jiwe, liko huko angani linazunguka jua. Ukubwa wake kama kilima."

"Mbona lina pembe? Mwezi si wa mviringo?"

"Kila kitu kina mvuto, mama, hata kiazi hicho mkononi mwako. Ila jiwe hili ni dogo, mvuto wake hauna nguvu ya kushusha pembe zake. Mwezi ni mzito. Ulijivuta wenyewe kuelekea katikati, kutoka pande zote, mpaka pembe zikashuka. Na dunia hivyo hivyo. Hata mlima wetu huu, ukiitazama dunia kutoka mbali kule, huuoni ukichomoza."

Mama akageuka akautazama mlima na theluji yake. Kumbe kuna nguvu isiyoonekana inayofinyanga dunia nzima, bila kelele, bila kuchoka, na yeye amekaa juu yake miaka yote akichimba viazi! Akakitazama kile kiazi mkononi.

"Kumbe chenye pembe ndicho kidogo," akasema polepole.

Akainuka. Akakata jani la isale pale pale mpakani walipogombana, akaenda na tope lake miguuni mpaka kwa mdogo wake.

Yule mgonjwa alipoliona jani, machozi yakamtoka. Akaingiza mkono chini ya mto, akatoa isale lingine, limekauka, limekunjamana. "Dada," akasema, "hili nililikata wiki ile ile tuliyogombana. Kila siku nasema nitalileta kesho."

Miaka mitatu, wapendwa! Huyu anavutwa kule, yule anavutwa huku, na kila mmoja ameshikilia pembe yake.

Sasa sisi. Mungu aliyetia mvuto ndani ya mawe, atashindwa kuutia ndani yetu? Unausikia. Ndiyo maana ukipita mbele ya nyumba ya yule ndugu yako, unageuka kutazama kama taa inawaka. Wale wawili walibakiwa na siku moja. Wewe umebakiwa na ngapi? Ibada ikiisha, usije kunipa mkono mimi pale mlangoni. Nenda nyumbani, inua mto wako, utoe hilo jani.