Jiwe la Mlangoni

Sogeeni niwape ngano; atakayesinzia atasimuliwa kesho na mwenzake.

Bi Mwanakheri alilima mihogo kando ya magofu ya watu wa kale. Siku binti yake alipojifungua, figa moja la jikoni lilipasuka. Akakimbilia magofuni, akang'oa jiwe mlangoni, akarudi kumpikia mzazi uji.

Akakoka moto, uji ukabaki baridi. Akaongeza kuni, baridi. Akapuliza mpaka machozi yakamtoka, baridi vilevile. Chumbani mzazi akalia, "Mama, nina njaa, na maziwa hayatoki."

Jiwe likasema, "Kwetu umeingia kama mwizi."

Kweli, hakubisha hodi. Alidhani mle hamna mtu. Akalirudisha jiwe mahali pake.

"Hodi." Kimya. "Hodi." Kimya. "Hodi, wenyewe."

"Karibu, jirani," sauti ya kikongwe ikaitika kutoka ukutani. "Miaka yote unalima hapa, leo ndiyo unatusalimu. Mzazi hajambo?"

"Ana njaa."

"Sasa unangoja nini? Chukua jiwe ukampikie."

Uji ukachemka kabla moto haujapulizwa. Mzazi akanywa, maziwa yakatoka, mtoto akanyonya akalala.

Ngano yangu naitua hapo. Bi Mwanakheri, kila akienda shambani, huyapigia magofu hodi, na huitikiwa.