Jaji Aliyeitikia Wimbo

Hii nimetumiwa na shangazi yangu. Nimeisoma mara mbili, nikaona si vizuri kukaa nayo mwenyewe.

Huko Quebec, Kanada, wanakozungumza Kifaransa, alikuwepo mkata magogo aitwaye Ovila. Kijijini kwao mwimbaji hutoa mstari mmoja, waliokaa naye wakaurudia, ndipo atoe wa pili. Kumwacha bila kumwitikia ni kukosa adabu, sawa na kumnyima mgeni maji.

Ovila alitamani sana kuishi kwa nyimbo na hadithi. Akaenda mjini kwenye mashindano yaliyorushwa redioni; mshindi angepewa kipindi chake huko. Kanuni ilikuwa moja: kila mtu aimbe peke yake, akisaidiwa anatolewa.

Zamu yake ikafika. Akaketi na fidla yake, miguu ikapiga mdundo sakafuni, akatoa mstari wa kwanza. Kisha, kwa mazoea, akanyamaza kusubiri.

Ukumbi kimya. Watu na suti zao wanamtazama tu. Masikini Ovila, jasho likamtoka, ila miguu haikuacha.

"Umesahau maneno?" akauliza jaji mmoja.

"Sijasahau, bwana. Nawangoja nyinyi."

Wakamcheka. Akarudia mstari uleule. Safari hii akaitikiwa, tena kwa nguvu.

Aliyeitikia alikuwa Bi Azilda, jaji mkuu, mama mkali ambaye hakuwahi kuonekana hata akitabasamu. Akaziba mdomo kwa mikono miwili, lakini wote walikwisha kumsikia.

"Amesaidiwa!" akasema yule jaji mwenzake. "Atolewe."

Bi Azilda akainuka. "Ni kweli, atolewe. Na aliyemsaidia atoke naye. Mimi nimelelewa kijijini, siwezi kumwacha mtu anangoja."

Akavua beji, akaiacha mezani, akamshika Ovila mkono. Wakatoka.

"Mama, umejiharibia kazi kwa ajili yangu," Ovila akasema nje.

"Acha maneno, mwanangu. Tulifika wapi?"

Wakaketi kwenye ngazi, wimbo ukaendelea. Mtu mmoja akachungulia mlangoni, akaitikia. Wakafuata watatu, kisha safu nzima. Mshindani aliyefuata aliimbia viti vitupu, kwa kuwa hata fundi wa redio alikuwa amebeba maikrofoni yake na kuhamia kwenye ngazi.

Hivyo ndivyo Ovila alivyosikika redioni na kuanza kazi ya nyimbo na hadithi iliyomlisha miaka arobaini. Bi Azilda hakuitwa tena kuwa jaji, na hakujali hata kidogo.

Funzo: Ukimwona mwenzako anajaribu na watu wanamcheka, usingoje mwingine aanze kumuunga mkono. Anza wewe, wengine watakufuata.