Mstari Mmoja kwa Tovuti ya Kilungwi

Kaeni vizuri, wakubwa kwa wadogo. Nina kesi mkononi, na mahakimu ni ninyi.

Katika kijiji cha Kilungwi, milimani Upare, walikuwapo watu watatu. Nitawataja kwa majina kamili, asije mmoja akapewa sifa ya mwenzake. Namsifu Sangiwa Mchomvu alijua kuchora ardhi. Akipita mahali mara moja, anakuwekea kila jiwe kwenye karatasi. Elinaja Kiondo Mbwambo hakusahau jina la mtu, awe hai au marehemu. Kalutu Senkoro Msuya alikuwa mgawa maji, na kwa miaka kumi na miwili aliandika kila zamu: nani kafungulia maji, siku gani, saa ngapi.

Kijiji kilikuwa na tovuti moja, iitwayo Kilungwi. Chini yake kila mmoja alifungua tovuti tanzu yake: Ramani ya Namsifu, Majina ya Elinaja, Zamu ya Kalutu. Ni kama watoto watatu wa baba mmoja: kila mmoja ana jina lake mbele na jina la ukoo nyuma. Lakini ukurasa wa kwanza wa Kilungwi ulibaki mtupu, maana kila mmoja aliona si adabu kuwatangulia wenzake.

Ikatokea kampuni ya maua kuomba maji yote ya chemchemi inayojaza ndiva ya Nkwangu. Ndiva ni bwawa la kumwagilia, lililochimbwa na mababu. Likikauka, kaya tisini hazina mahindi wala maharage. Ofisi ya maji ikatoa siku kumi na nne: leteni ushahidi uliowekwa wazi kwa watu wote kabla ya ombi hili.

Watatu wale, kila mmoja kwa wakati wake, wakamwandikia Bi. Tunukiwa Mfinanga, mhariri wa Orodha ya Tovuti za Milimani, ambayo ofisi ile iliiamini, wakiomba tovuti zao ziorodheshwe humo. Akawaita.

"Nimepata maombi matatu ya tovuti moja," alisema. "Nilidhani ni mjanja mmoja anataka kunijazia orodha."

"Mama, mjanja ni huyu Kalutu peke yake," alisema Elinaja. "Sisi wawili ni watu wa kawaida."

Bi. Tunukiwa hakucheka. "Nitawaweka nyote mpaka shauri liishe. Baada ya hapo sheria yangu ni ile ile: tovuti moja, mstari mmoja."

Siku ya shauri, wakili wa kampuni alisimama. "Ndiva hiyo iko wapi? Kwenye ramani ya wilaya haipo." Mwenyekiti wa shauri akafungua Orodha, akagusa mstari wa Ramani. Ndiva ikaonekana, na mifereji yake saba, na kila shamba linalonyweshwa.

Wakili akasema, "Shimo lolote laweza kuchorwa. Nani alilichimba?" Mwenyekiti akagusa mstari wa Majina. Wakasomwa wachimbaji thelathini na mmoja, kila mmoja na ukoo wake, na wajukuu wao walioketi mle ukumbini wakawa wanasimama mmoja mmoja kila jina lilipotajwa.

"Hayo ni ya kale," alisema wakili. "Leo nani anaitumia?" Mwenyekiti akagusa mstari wa Zamu. Zamu ya mwisho ilikuwa ya asubuhi ile ile: Mjane Nakunda Mshana, saa kumi na mbili hadi saa tatu.

Wakili akaketi. Ombi likakataliwa. Watu wakatoka kwa vigelegele, wakapanda mlima wakiimba, na jioni ile Kalutu alipofungulia maji, hata waliokuwa hawasemezani walishika majembe kwenye mfereji mmoja.

Bi. Tunukiwa alikuwapo. Akawapongeza, kisha akasema, "Sasa nifute mistari miwili. Ofisi ya maji imetangaza kwamba mwenye mstari utakaobaki ndiye atakayeisemea ndiva siku zote."

"Si uorodheshe ukurasa wa kwanza wa Kilungwi, Mama?" aliuliza Namsifu.

"Ni mtupu. Nami sipokei ukurasa usiotimiza mwaka. Ofisi inataka jina Ijumaa hii."

"Basi ni mimi," alisema Namsifu. "Bila mahali, mngetetea nini?"

"Mahali bila mwenyewe ni pori," alisema Elinaja. "Umesahau watu walivyosimama?"

Kalutu alikuwa ananawa matope. "Ninyi wawili mngeshinda kesi ya bwawa lililokufa. Mimi ndiye niliyeonyesha kwamba liko hai."

Wakatazamana, wakacheka, maana kila mmoja aliona mwenzake kasema kweli. Lakini hakuna aliyerudi nyuma.

Leo ni Alhamisi. Bi. Tunukiwa amefungua Orodha yake, mistari mitatu iko mbele yake, na miwili lazima ifutwe. Haya, mahakimu wangu: mngemwambia aubakize wa nani?