Kiboko Anashika Mizani

Jumatatu moja, saa mbili asubuhi, hapo zamani wanyama walipokuwa bado wanamiliki maduka, Kiboko alibandika tangazo kwenye kila duka la soko la Mtoni. Tangazo lilisema mambo mawili. La kwanza: Kiboko anajenga supamaketi. La pili: ikishafunguliwa, hakuna duka litakalouza kabla ya saa mbili asubuhi wala baada ya saa kumi jioni.

Digidigi alilisoma mara tatu. Miguu yake haikutulia: tip, tip, tip.

Duka lake lilikuwa dirisha moja. Alilifungua saa kumi na moja alfajiri, Punda akipita kwenda kazini, na kulifunga jioni, watoto wakishatumwa chumvi. Mchana hakuuza kitu. Mnaelewa, wanangu? Akinyang'anywa alfajiri na jioni, duka limekufa.

Alikimbia mpaka kwa Nyati, mwenyekiti wa soko.

"Hodi! Mwenyekiti, umelisoma?"

"Nimelisoma."

"Na umekubali?"

"Kiboko ana tani mbili, Mama Digi. Wewe una kilo ngapi?"

"Nne na nusu."

"Basi. Njoo mkutanoni Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi."

"Mbona mapema hivyo?"

"Kiboko ndiye kapanga. Mikutano yake yote huwa mapema."

Digidigi alijaribu kukumbuka ni lini alimwona Kiboko mchana. Alikumbuka matundu mawili ya pua, juu ya maji.

Alhamisi kulikuwa na mawingu, kama wiki nzima. Kiboko alikuja na nyani kumi na wawili waliovaa aproni.

"Hawa ndio watakaouza," alisema. "Mimi nitakuwa mtoni, nasimamia."

"Unasimamia huku unakoroma?" Ngiri aliuliza kutoka nyuma.

Kwa kwa kwa! Soko zima lilicheka. Nyati alipiga kwato chini, du! Wakanyamaza.

Digidigi alipanda juu ya debe ili aonekane.

"Mimi naunga mkono saa za Bwana Kiboko."

"He! Mama Digi, umerogwa?" Ngiri alimaka.

"Subiri, kaka. Naunga mkono. Nina swali moja tu. Nyongeza atatoa nani?"

Wanyama waligeukiana.

Pale Mtoni hakuna aliyenunua bila kusema "ongeza kidogo." Ukishapimiwa mchele, mwenye duka alidondosha konzi moja juu. Mwenye duka mwenyewe, si mfanyakazi, maana mali si yake. Na mizani ilikaa nje, juani, kila mtu aione.

"Kweli! Nani?"

"Nyani atoe nyongeza ya mali ya nani?"

"Aa, hatununui!"

"Msimlaumu Bwana Kiboko," Digidigi alisema. "Kushika mizani kutwa ni kazi yetu sisi wadogo. Yeye atachoka. Vile vimiguu vyake..."

"Vimiguu?" Kiboko alifungua mdomo, pwaaa, meno yote nje. "Mimi nichoke? Andika, Nyati! Nitashika mizani mwenyewe, nje, saa mbili mpaka saa kumi. Nikiiacha kabla, tangazo lichanwe na supamaketi ifungwe!"

Nyati aliandika. Kiboko alitia alama ya mguu.

Ujenzi ulichukua wiki sita. Kila asubuhi Digidigi alitoka nje, akatazama juu, akarudi ndani, akatoka tena. Mvua zilipungua. Zikakatika.

Supamaketi ilifunguliwa Jumamosi. Saa mbili kamili Kiboko alishika mizani. Foleni ilifika darajani.

"Ongeza kidogo, Bwana!"

"Haya." Tup.

Saa nne, jua likichoma, Kiboko alianza kutoka jasho jekundu. Saa tano ngozi ya mgongo ilipasuka: kra! Alitazama mto. Alitazama foleni. Haikuwa imepungua.

Saa sita ilifika zamu ya Digidigi.

"Shikamoo Bwana Kiboko. Nipimie dengu, robo."

"Marahaba. Shika."

"Hizi zina mawe. Nibadilishie."

"Fanya haraka, Mama!"

"Haraka ya nini? Tuko hapa mpaka saa kumi. Haya, ongeza kidogo."

Tup.

"Kidogo tena."

"Chukua gunia zima!"

"Siwezi kulibeba. Mimi nataka robo yangu na nyongeza."

Kra! Kra! Ngozi ilipasuka mabegani.

Kiboko alitupa kopo la kupimia, ngwe! Akakimbia. Gubu gubu gubu, akapita katikati ya foleni, akashuka ukingo. CHUBWII!

Yalibaki matundu mawili ya pua.

Nyati alitazama kivuli chake.

"Saa sita na robo," alisema. Akabandua tangazo ukutani, akalichana. Chraaa!

"Mama Digi," Ngiri alinong'ona, "ulijua?"

"Nilijua wiki sita, kaka. Sijalala."

Nanyi wanangu, shikeni hili: anayewapangia wenzake saa za kazi, na aanze yeye kuzifanya.

Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, Digidigi alifungua dirisha. Mteja wa kwanza alikuwa Kiboko. Alitaka mafuta ya kupaka mgongoni. Alipopimiwa, alisema, "Ongeza kidogo."

Digidigi aliongeza.