Haule Kafa Vizuri

Wakubwa kwa wadogo, wajueni kwanza wanawake watatu. Skolastika alinasa sauti. Katikati ya kelele za soko zima angekuambia nani anakohoa. Gaudensia alichora majeraha kwa rangi, hata nzi wakadanganyika. Kandida alitega baruti ardhini, na kila shimo alilikumbuka bila kuandika.

Siku hiyo, nje ya Songea, walikuwa wakirekodi filamu ya vita vya Maji Maji. Wakulima mia mbili walishushwa kilimani mara saba, kila mara wakibadilishwa kaniki, ili kwenye picha waonekane maelfu. Walipiga ukelele wa wapiganaji wale walioamini dawa ingegeuza risasi kuwa maji: "Maji! Maji!"

"Zaidi, kaka zangu!" Skolastika aliwahimiza.

Mara ya saba baruti zikalipuka. Haule, mmoja wa wakulima wale, akaanguka kati ya "maiti" sitini.

"Maji," akasema.

"Haule leo kafa vizuri!" jirani yake akacheka. Mwongozaji akapiga makofi.

Skolastika akaruka kitini. "Nyamazeni! Kuna mtu anaomba maji ya kunywa!"

Uwanja ukawa kimya. Lakini ni nani? Wote sitini walikuwa na damu, na wote walikuwa wakilia maji.

Gaudensia akapitisha macho, akanyosha kidole. "Haule nilimpaka begani. Hiyo ya shingoni si yangu."

Watu wakataka kumkimbilia. "Simameni!" Kandida akafoka. "Mashimo manne hayajalipuka!" Akaenda peke yake, akichagua pa kukanyaga, akarudi amembeba mgongoni.

Haule akapona. Mwezi uleule mkewe akajifungua binti, na Haule akasema mtoto apewe jina la aliyemwokoa babake. Wanawake watatu wakaja kumwona.

"Bila masikio yangu mngekuwa bado mnapiga makofi," alitania Skolastika.

"Ungesikia, halafu ungemfuata nani?" Gaudensia akajibu.

"Na mngemfikia vipi? Kwa kuruka?" Kandida akacheka, kisha akainama. "Lakini jiwe lililomkata lilirushwa na baruti yangu."

Gaudensia akamgusa bega. "Na damu iliyomficha ni yangu."

"Na kelele zilizommeza ni zangu," akasema Skolastika, taratibu.

Mama mtoto akawatazama, mmoja mmoja, kana kwamba ndiyo kwanza anawaona. "Shoga zangu," akasema, "padri anabatiza Jumapili. Mtoto mmoja, jina moja."

Nimelifikiria hili mpaka nimechoka. Mtoto ndiye huyu, nawapakatisha ninyi. Mtamwita nani?