Kindi na Kifaru Wakikimbilia Chemchemi

Masikio mnayo?
Tunayo!
Ya kuazima?
Ya kwetu!
Basi yategeni. Shule niliiacha mapema, lakini kwa hadithi hii hata mwalimu wangu atakaa chini asikilize.

Ukame uliacha chemchemi moja tu, na Kifaru akajilaza ndani. Akinywa, alala. Akiamka, anywa. Huku nje wanawe Kindi ndimi zimekauka.

"Mjomba, tuonjeshe," Kindi akaomba.

"Tushindane mbio hadi hapa. Mshindi anywe, mshindwa ahame."

"Sawa, mjomba. Wa kwanza kunywa ndiye mshindi. Ila njiani kuna wazee. Tutawapita bila kuwaamkia?"

"Mimi nimelelewa!" Kifaru akafoka. "Kila mlango nasimama!"

Hapo akajimaliza. Kifaru akishachanganya mwendo, hakamatiki. Lakini hachanganyi upesi, wala hasimami upesi. Kindi kasi yake ya kawaida tu, ila anaipata papo hapo na kuiacha papo hapo. Waliobaki darasani wepesi huo wanauita mchapuko. Waacheni waite.

Mbio zikaanzia kwenye kichuguu.

Kindi: chwa! Tuli. "Shikamoo, Bibi Kobe!"

"Marahaba, mjukuu."

Chwa!

Kifaru: gu... gu... gudu... gudugudu, pwaa! Kaupita mlango, kang'oa ua. Akarudi anahema. "Shika... moo."

"Marahaba. Na ua wangu?"

Kindi: chwa! Tuli. "Shikamoo, Mzee Kakakuona!"

"Marahaba."

Chwa!

Kifaru: gu... gu... gudu... gudugudu, pwaa! Kapita tena. Karudi tena.

"Polepole, kijana," mzee akamwambia.

"Hiyo polepole ndiyo inayoniua, mzee!"

Kikabaki kipande cha mwisho, hakina mzee, hakina mlango. Sasa Kifaru akachanganya. Gudugudugudugudu! Akampita Kindi kama kisiki.

"Kwaheri, kimkia!"

Akaifikia chemchemi wa kwanza. Akaipita wa kwanza. Akatokomea vichakani, gudugudugudu, anapiga kelele, "Nishikeni!"

Nani amshike?

Kindi: chwa! Tuli. Akainama, akanywa, akawaita wanawe.

Kifaru aliporudi, miiba tele mgongoni, watoto walikuwa wakirushiana maji.

"Shikamoo, mjomba!" wakamwamkia kwa pamoja.

Kifaru akasimama. "Marahaba," akaitikia. Akahama.

Hadithi imefika, tena imesimama pale pale ilipotakiwa. Masikio yenu chukueni. Funzo? Watoto, msiwaamkie wazee, mtachelewa maji.